Kutu ya chini ya gari haianzii chini

SWALI

Jambo sana papa fundi. Marehemu baba ametuachia Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, ya mwaka 1971. Aliiendesha mpaka miguu ilipomkataa, kisha ikakaa uani miaka saba chini ya turubai. Mwezi uliopita nilimwita kijana aipige brashi chini na kuipaka lami nyeusi, nipate kuiendesha tena. Alipofika nyuma, upande wa kulia, brashi ikatokea ndani ya gari. Tundu hilo sasa linapitisha mkono wangu. Kwingine bati linatoka magamba kama ganda la mti. Kijana anasema tuzibe kwa bati la nyumba na mastiki, tupake lami juu, siku mbili kazi imekwisha. Kaka yangu anasema tuuze chuma kwa kilo. Mimi sitaki kuiuza. Tufanyeje?

Mwalimu wa shule ya msingi, Himbi, Goma

JIBU

Jambo mama mwalimu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee.

Kijana aweke ndoo ya lami pembeni, na kaka asiwaite watu wa mizani kwanza. Gari hilo bado lina uhai. Ila ili tujue limebakiwa na uhai kiasi gani, itabidi tulitoboe zaidi ya hapo lilipotoboka. Najua hilo silo ulilotaka kusikia.

Umeandika kwamba tundu liko nyuma, kulia. Nyanyua kiti cha nyuma utazame. Volkswagen hizi hubeba betri hapohapo, chini ya kiti, upande wa kulia. Betri ikichajiwa kupita kiasi huchemka, matone ya asidi yakashuka kwenye bati la sakafu, na bati likaliwa kidogo kidogo kwa miaka bila mtu kuona, maana kiti kimefunika. Kwa hiyo si mawe ya barabara ya Sake yaliyotoboa gari la baba. Limetobolewa kutoka ndani. Watu wengi hulala chini ya gari na brashi, wakapambana na kutu ya chini, wakati maji na asidi vinaendelea kuingia kutoka juu. Mwaka unaofuata wanarudi wakisema rangi ilikuwa mbaya. Rangi haikuwa na kosa.

Basi anza ndani. Toa viti vyote, toa mikeka. Utakuta viwandani walibandika karatasi nene ya lami sakafuni ili kupunguza kelele. Ing'oe yote, kwani chini yake ndiko maji yanakolala. Mahali pa betri paoshe kwa maji yaliyochanganywa na soda ya kuokea mikate. Ukiona povu, asidi bado ipo, mwaga tena. Povu likiisha, suuza kwa maji matupu. Halafu mtume mtoto mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji polepole juu ya kioo cha mbele. Wa ndani akiona tone, apaze sauti. Mpira wa kioo wa mwaka 1971 umeshakuwa mgumu kama mbao, na nina hakika atapaza sauti. Fanya hivyo pia kwenye kioo cha nyuma na milango. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Vikizibwa na vumbi, mlango unageuka ndoo. Mbele, pale linapolala gurudumu la akiba, napo maji hukusanyika.

Turubai nalo limechangia. Gari lililofunikwa mpaka chini hutoka jasho kila usiku, na asubuhi jasho halina pa kwenda. Afadhali paa la bati lenye pande wazi, upepo upite. Na sisi wa Goma tuna adui wa ziada. Moshi wa volkano ya Nyiragongo una gesi ya salfa. Ikikutana na unyevu inakuwa asidi, mvua inaishusha, na ndiyo maana mabati ya nyumba zetu yanageuka mekundu mapema. Vumbi jeusi la lava linajipenyeza katika kila kona ya gari na kushika maji kama sponji. Kabla ya kugusa nyundo, osha chini yote, konani hasa, uache likauke siku kadhaa.

Sasa kugonga. Chukua nyundo ndogo yenye ncha, ile ambayo wachomeleaji hugongea ganda la weldi, na bisibisi kuukuu. Gonga sakafu yote, kiganja kwa kiganja, juu na chini. Bati zima linalia. Bati lililooza linajibu kama boksi lililolowa. Pale linapojibu hivyo, sukuma bisibisi. Ikipita, iache ipite, usihurumie. Chaki unazo, mama mwalimu: zungushia kila palipokufa. Nyundo ikilia vizuri lakini bati lina magamba, kwangua magamba mpaka chini uone kilichobaki.

Hapo brashi ya waya inadanganya watu. Kutu nene ukiisugua kwa brashi ya mashine haitoki yote. Inasuguliwa mpaka inang'aa, nyeusi ya kupendeza, na fundi anadhani amefika kwenye chuma. Bado yuko juu ya kutu. Kutu ni pana kuliko chuma kilichoizaa, ina vitundu, na kila kitundu kina maji na hewa yake. Ukipaka rangi juu yake umeifunga pamoja na chakula chake. Kwangua kwanza kwa patasi na nyundo, kisha diski ya kusugua, na brashi iwe ya mwisho, ya konani tu. Chuma safi ni kijivu kama sarafu mpya. Ukiona madoa meusi ndani ya kijivu, hizo ni shimo ndogo zenye kutu bado.

Nalisema hili kwa sababu nililifanya. Nilipokuwa fundi mpya, mteja aliniletea pikapu yenye magamba chini. Niliipiga brashi, nikaona inang'aa, nikapaka lami tabaka mbili, akalipa akaondoka akishukuru. Baada ya misimu miwili ya mvua, alipokuwa akiteremka kutoka Kanyaruchinya, bolti za kiti cha dereva zilichomoka pamoja na bati lake. Alinusurika. Nilikwenda kuiona pikapu ile: lami yangu ilikuwa bado nzima, inaning'inia kama ngozi, na nyuma yake hapakuwa na chuma. Tangu siku ile sipaki lami juu ya kitu nisichokigonga.

Kabla kijana hajaingia chini ya gari tena, soma hapa pamoja naye. Volkswagen yako ina uzito wa kilo 800 hivi. Jeki ni ya kunyanyulia tu, si ya kulalia chini yake. Likishanyanyuka liwekwe juu ya stendi nne za chuma, zile tunazoita shandeli, na chini ya kila stendi ubao mnene. Garaji yangu ya Birere imekaa juu ya lava ya Januari 2002, najua jinsi jiwe hilo lilivyo na mashimo; mguu wa stendi huzama upande mmoja bila kukuarifu. Usipange mawe ya lava wala matofali ya saruji yenye uwazi. Yanapasuka ghafla, yote kwa pamoja.

Na shimo la kufanyia kazi, kama kuna mtu amekushauri kulichimba uani, usilichimbe. Wasomaji wetu wa mbali wajue kwamba huku kuna mazuku: hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hivyo inalala mabondeni na mashimoni, hasa alfajiri kabla upepo haujaamka. Mbuzi hufa humo, na watu pia. Katika garaji moja niliyofanya kazi, kijana alishuka shimoni saa kumi na mbili asubuhi kufungua bomba la mafuta. Tulimtoa akiwa hajui jina lake. Wengine hushusha mshumaa kwanza. Ukizimika, ondoka, lakini kuwaka kwake si ruhusa ya kushuka, maana hewa inaweza kuwa imeshamdhuru mtu kabla haijazima moto. Nyanyua gari, fanyia kazi mahali wazi, jua likiwa limetoka.

Turudi kwenye chaki zako. Tazama alama ziko wapi. Zikiwa katikati ya sakafu, hiyo ni kazi ya kawaida. Zikiwa chini ya milango, kwenye yale mabomba ya bati yanayopitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini kwenda mbele, hapo ni kazi nzito, kwa sababu mabomba hayo ndiyo yanayoshikilia umbo la gari. Funga na kufungua milango yote miwili. Mlango ukigusa chini au pengo la juu likiwa pana kuliko la chini, bodi imeanza kulegea. Katika hali hiyo, kabla ya kukata chochote, chomelea bomba la chuma kwa muda ndani ya uwazi wa mlango, kutoka mbele hadi nyuma. Fundi akikata bila kulifunga hivyo, gari litajikunja, na mlango hautafungika tena maisha yake yote. Muulize fundi yeyote atakayekuja: "Utaanza wapi?" Asipotaja kuufunga uwazi wa mlango, mshukuru, mpe maji ya kunywa, umwache aende.

Kukata ni kukata mpaka penye uzima. Vuka alama ya chaki sentimita mbili au tatu, mpaka ufike bati linalolia. Kiraka kilichochomelewa kwenye bati lililooza kitaachia pembeni mwake, kama kiraka kipya kwenye nguo iliyochakaa.

Bati la nyumba silitaki. Ni jembamba mno kwa sakafu inayobeba viti na watu. Tafuta bati la chuma cheusi la milimita moja au moja na kidogo. Tena bati la nyumba limepakwa zinki, na zinki ikiungua inatoa moshi mweupe unaompa mchomeleaji homa na kutetemeka usiku. Vijana hunywa maziwa wakidhani yanasafisha kifua. Maziwa ni mazuri kwa mwili, lakini moshi huo hauendi tumboni. Dawa ni upepo, barakoa ya kazi, na kuisugua zinki yote itoke kabla ya kuchomea.

Kuna jambo moja katika Volkswagen ambalo mchomeleaji wa malori hatalijua. Ile nundu ndefu ya katikati ya sakafu ni handaki, na ndani yake, pamoja na nyaya za klachi na za pedali ya mafuta, linapita bomba la esanse, yaani petroli, kutoka tangi la mbele hadi injini ya nyuma. Kulichomea handaki hilo bomba likiwa na esanse ni kulichoma gari zima. Toa tangi, mwaga bomba, pulizia hewa, toa betri nje kabisa. Ndoo ya mchanga na mtu wa pili mwenye macho wasiondoke hapo, na wabaki nusu saa baada ya cheche ya mwisho. Achomelee tone moja hapa, tone jingine kule, aache bati lipoe. Anayevuta mstari mrefu kwa mara moja atakurudishia sakafu iliyojikunja kama jani kavu.

Kupaka rangi ni kazi fupi kama yaliyotangulia yamefanyika. Futa mafuta kwa kitambaa na tina. Pale palipobaki shimo ndogo za kutu kwenye bati zima, paka dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki. Inafaa kwa kutu nyembamba iliyoshikamana, na haifanyi lolote kwenye magamba. Kisha rangi ya msingi ya epoksi, ile ya makopo mawili yanayochanganywa, siku hiyohiyo, maana chuma kitupu cha Goma kinaanza kuwa cha manjano kabla ya jioni. Maungio yote yazibwe kwa mastiki laini ya maungio, ile inayobaki kama mpira, si ile ngumu ya kunyooshea mabonde. Tabaka la pili la epoksi. Na lami? Sasa ndiyo, ukitaka, nyembamba, chini ya mabawa ya magurudumu ambako mawe yanapiga. Sakafu nzima mimi huiacha na rangi tu, nipate kuona siku kutu itakapojaribu kurudi. Fanyeni kazi hii kati ya Juni na Agosti, mvua zikiwa zimepungua, na kupaka kuwe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa.

Si siku mbili. Ni wiki tatu au nne kwa fundi mmoja na msaidizi. Mwambie kaka kwamba bodi ya Volkswagen hii imefungwa juu ya sakafu kwa bolti. Inanyanyuliwa, sakafu inabadilishwa, inarudishwa. Gari hili liliendelea kutengenezwa Mexico mpaka mwaka 2003, na bati za sakafu zake zinatengenezwa hadi leo. Na betri ikirudi mahali pake, irudishe na kifuniko chake. Springi za kiti zikigusa vichwa vya betri, kiti kinawaka moto na abiria amekikalia.

SWALI

Mzee fundi, nina Land Cruiser ya mwaka 1979, shasi, yaani fremu ya chini, imeanza kutoa unga mwekundu. Jirani ananiambia ninyunyize mafuta machafu ya injini chini kila mwezi, kutu itakoma. Ni kweli?

Msomaji wa Bukavu

JIBU

Ndugu yangu, jirani ana nusu ya ukweli. Mafuta huzuia maji, na kutu bila maji hailali wala haizai. Lakini mafuta yaliyotumika yana asidi iliyotokana na kuungua kwake, yana masizi na unga wa chuma, yanalainisha mipira ya springi na hozi za breki, na yakifika kwenye breki zenyewe utajua ukiwa mteremkoni. Ngozi ya fundi anayeyaogelea kila mwezi inaweza kupata saratani. Tena Bukavu ni mji wa milima: kila tone linaloanguka uani kwako, mvua inalipeleka Ziwa Kivu.

Shasi yako ni boksi lenye uwazi ndani, na unga unaouona nje huenda umetoka ndani. Tafuta vitundu vya kutolea maji chini yake, vizibue kwa waya mnene. Ingiza mpira wa maji upande mmoja, uache yatoke upande wa pili mpaka yawe meupe. Usishangae ukitoa karai zima la udongo. Acha likauke juani wiki nzima. Kisha gonga shasi yote, hasa karibu na vishikio vya springi. Ikilia vizuri, ingiza ndani nta ya kuzuia kutu kwa mrija mwembamba wenye pua ya kunyunyiza, au mafuta mapya mazito ya gia kama nta haipatikani, na urudie kila mwaka baada ya mvua. Isipolia vizuri, usiende nayo Kavumu wala Uvira kabla mchomeleaji anayejua shasi hajaitazama.

SWALI

Fundi, huku kwetu asidi ya salfuriki inapatikana kirahisi. Nilitumbukiza bolti na springi za gari langu la zamani usiku kucha, zikatoka safi kabisa. Naweza kupaka asidi hiyo chini ya gari kwa brashi?

Msomaji wa Lubumbashi

JIBU

Hapana, kaka, na springi hizo usizirudishe kwenye gari. Asidi ikila kutu inaendelea kula chuma, na inapokila inazaa hidrojeni inayoingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kama chungu. Springi inaweza kuonekana safi na kukatika barabarani siku ya tatu. Bolti za kawaida hazidhuriki sana. Zile za breki, usukani na magurudumu, nunua mpya.

Chini ya gari ni vibaya zaidi. Asidi inaingia kati ya bati mbili zilizoungana, huwezi kuisuuza, na inabaki humo ikila. Yaliyompata mama mwalimu wa Goma ni matone tu ya betri. Wewe unataka kupaka kwa brashi.

Kwa vipande vidogo vinavyofunguka tumia maji ya ndimu au siki, siku moja au mbili, kisha suuza kwa maji ya soda. Au tumia umeme, njia ninayoipenda kuliko zote kwa sababu inaondoa kutu bila kula chuma kizima. Beseni la plastiki, maji, vijiko vichache vya magadi, chaja ya betri ya volti 12. Waya hasi kwenye kipande chako, waya chanya kwenye kipande cha chuma chakavu, visigusane. Chuma chakavu kisiwe chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, maana maji yatageuka sumu. Fanya nje, pasipo sigara wala jiko, kwa kuwa mapovu yanayopanda ni hidrojeni. Usiku mmoja unatosha. Asubuhi zima chaja kabla ya kutia mkono, osha, kausha juani, paka rangi saa hiyohiyo. Na kabla ya kuwasha, hakikisha waya mara mbili: ukizibadilisha, kipande chako ndicho kitakacholiwa.